Karani Aliyeogopa Hodi

Kila siku Msumari alipotoka shule, alitua begi, akanawa mikono, kisha akakata maini. Mama yake aliyachemsha asubuhi kabla ya kwenda kazini zahanati, na kazi ya Msumari ilikuwa kuyakata vipande vidogo kama punje za maharage. Vikizidi hapo, mwanafunzi angeshiba kabla ya somo kwisha. Na mwanafunzi mwenyewe hukumkuta akichelewa. Alikuwa tayari mlangoni, miguu ya mbele imebanwa pamoja, macho kwenye kisu.

Mwanafunzi huyo alikuwa mbwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Bibi yake Msumari ndiye aliyemwokota angali mtoto, akamwita Karani, kwa sababu alipenda kukaa mlangoni na kumkagua kila anayeingia kama vile anataka kumwandika jina. Msumari naye hakuwa na jina zuri kuliko hilo. Babu alimwita hivyo kwa sababu alikuwa msichana mwembamba mwenye kichwa kikubwa, na ukishaitwa jina na fundi wa bati, mtaa mzima unalifuata.

Babu alikuwa amefua bati uani kwa miaka hamsini. Alitengeneza ndoo, majiko, faneli na mikebe ya kumwagilia bustani. Kelele za miaka hiyo zilimla masikio kidogo kidogo, kama mchwa anavyokula mlango: unauona mzima hadi siku unapousukuma. Sasa alisikia tu ukimpigia kelele karibu na sikio la kulia, na hata hapo alisikia nusu, nusu nyingine akajitungia.

Bibi alipokuwa hai, uziwi huo haukumsumbua mtu. Mgeni akibisha hodi, bibi aliacha alichokuwa akifanya, akaenda uani, akamgusa mumewe gotini kwa vidole viwili. Babu hakuinua hata macho. Aliuliza tu, "Nani tena?" kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na wageni, ingawa kila mtu alijua kwamba aliwapenda wageni kuliko chakula. Kisha bibi akaugua kwa wiki moja tu, akafariki. Tangu siku hiyo nyumba haikusikia tena "Nani tena?" Watu walikuja na kuondoka, kwa maana mchana mama alikuwa kazini, Msumari alikuwa shule, na babu alikuwa uani peke yake na kimya chake.

Halafu sufuria ikaungua. Babu alibandika maharage, akarudi kwenye nyundo zake akiwa ameupa mgongo mlango wa jikoni. Moshi ulitokea upande wa barabarani. Majirani waligonga mlango hadi viganja vikawauma, mwishowe wakauvunja. Pazia na rafu ya vyombo vilikuwa vimeteketea, na babu alikuwa bado anapinda ukingo wa ndoo.

Mjomba, kaka yake mama, alisafiri siku nzima kuja kuiona rafu hiyo nyeusi. Aliitazama, akaipitisha kidole, kikatoka na masizi.

"Baba," alisema baadaye, akiliinamia sikio la kulia, "utakuja kukaa kwangu. Kwangu mchana kuna watu."

"Kwako ni ghorofa ya tatu," babu alijibu. "Nitafulia wapi bati? Kichwani kwa jirani wa chini?"

Mjomba hakucheka. Alikuwa ameogopa kweli, na mtu aliyeogopa hana masikio ya mzaha.

Mama ndiye aliyeomba muda. Alimjua mwanamke mmoja aliyefanya kazi kwa daktari wa mifugo, na kabla ya hapo mwanamke huyo alikuwa amefundisha mbwa wa kulinda maghala kwa miaka mingi. Mwalimu wa mbwa, ndivyo watoto walivyomwita, huku wakicheka na kuuliza kama mbwa nao hupewa mtihani. Mama alitaka kujua kama Karani angeweza kufundishwa kufanya alichokuwa akifanya bibi: akisikia hodi, aende akamguse babu gotini. Mwalimu alisema anaweza, kama watu watakuwa na subira. Mjomba akatoa miezi miwili.

"Mbwa akishindwa," alisema, "Baba anakuja kwangu, na mtu asiniambie neno."

Hivyo ndivyo Karani alivyoanza shule, na Msumari akawa mwalimu msaidizi.

"Sikiliza, binti," mwalimu wa mbwa alimwambia siku ya kwanza. "Mbwa hajifunzi kwa hotuba. Anajifunza kwa kile kinachofuata. Akifanya jambo, na papo hapo kikafuata kizuri, atalirudia. Kikifuata kibaya, ataliacha. Na ninaposema papo hapo, maana yangu ni kabla hujavuta pumzi. Ukichelewa, atadhani unamlipa kwa jambo jingine."

Akamfundisha kugonga ulimi, *tak*, sekunde ile ile pua ya mbwa inapogusa. Sauti hiyo ilimwambia Karani, "Ni hicho hicho ulichofanya sasa hivi," kisha likafuata ini. Walianza na kiganja. Karani alipozoea kugusa kiganja, wakahamia gotini. Goti lilipomkaa, mtoto wa jirani akagonga ubao karibu nao, baadaye akagonga mbali kidogo, na mwisho akagonga mlango wenyewe. Msumari alikaa kwenye kigoda cha babu, amevaa aproni ya babu iliyonuka lehemu na jasho, ili Karani azoee mahali hapo na harufu hiyo. Somo lilikuwa la dakika kumi tu, asubuhi na jioni. Siku mbwa aliposhindwa, mwalimu hakumruhusu mtu kumkaripia. Walirudi hatua moja nyuma, basi.

Wiki ya saba, kati ya hodi kumi Karani aliitikia tisa. Hata babu alipokaa mwenyewe kigodani, pua ile ilifika gotini. Babu alimpa ini, akampapasa kichwani. Mwalimu aliahidi kuja Jumamosi pamoja na mjomba kumpima mara ya mwisho.

Jumanne ya wiki hiyo Msumari alirudi kutoka shule akamkuta babu amejilaza. Alipofika uani, aliona kitu cha bluu kwenye mchanga.

Ilikuwa kandambili ya bibi. Kandambili hizo zilikuwa zimekaa kando ya kitanda cha babu vile vile bibi alivyozivua siku aliyopelekwa hospitali. Hakuna aliyezigusa. Mama alipofagia, alizizunguka. Sasa moja ilikuwa imetafunwa kisigino chote, mkanda umekatika, na pale palipokuwa na alama ya kidole gumba cha bibi palibaki matundu ya meno.

Msumari aliketi kwenye kigoda cha babu, kandambili mkononi, akalia. Alilia kama hakuwahi kulia hata siku ya mazishi, maana siku ile watu walikuwa wengi na kila mtu alimwambia anyamaze.

Wakati huo huo mtu akabisha hodi. Alikuwa mteja tu, amekuja kuulizia jiko lake. Karani alikuwa amelala kivulini. Aliinua kichwa, akakimbia, akafika kigodani, akagusa goti la Msumari kwa pua, sawasawa kama alivyofundishwa. Kisha akakaa, akamtazama, akingoja *tak*.

Msumari hakugonga ulimi. Alimpiga kwa ile kandambili, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kwa nguvu zake zote.

Karani hakubweka. Alinywea, akaufyata mkia, akaenda kujificha chini ya kitanda cha babu. Mteja alibisha tena, akangoja, akaenda zake.

Hasira hasara, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba hasara yenyewe hufika kwa awamu. Siku hiyo Msumari alihisi aibu tu. Alificha kandambili mbovu chini ya mabaki ya bati nyuma ya banda, na nzima akaisukuma mvunguni. Mama alipouliza zilipo, alisema labda babu amezihifadhi. Alijua mama hataenda kumuuliza babu. Kumuuliza ni kumpigia kelele, na nani angetaka kupiga kelele kuhusu viatu vya marehemu?

Kesho yake mtoto wa jirani aligonga mlango kama kawaida. Karani aliinuka, akatazama kigoda, akaingia mvunguni. Alhamisi ikawa vile vile. Msumari alimwita kwa sauti tamu, akamwonyesha ini. Karani alilitazama ini, akamtazama yeye, hakutoka.

Jumamosi walikuja wote wawili. Babu alikaa kigodani amevaa shati lake la kutokea, kana kwamba anayepimwa ni yeye. Mjomba aligonga mlango mara kumi, na kila mara alingoja kwa haki kabisa. Hodi kumi zilipita. Goti la babu halikuguswa hata mara moja.

Mwalimu wa mbwa alilala kifudifudi akamulika mvunguni. Alikagua masikio ya Karani, akakagua meno, akampapasa mbavu. Kisha akaketi sakafuni.

"Mbwa haachi kazi aliyoijua bila sababu," alisema. "Kuna kitu kimefuata hodi, na kitu hicho kilikuwa kibaya. Kuna mtu amempiga?"

"Kwetu hatupigi mbwa," mama alijibu.

Mwalimu alimgeukia Msumari. "Nawe binti? Hujaona kitu?"

"Hapana," Msumari alisema.

Lilikuwa neno moja, na lilitoka kirahisi kama kutema kokwa. Mwalimu alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akamwambia mjomba ukweli kama alivyoujua: bila sababu kujulikana, hawezi kumkabidhi mbwa huyu maisha ya mzee. Mjomba hakufurahi kushinda. Aliinamisha kichwa, akasema wataondoka Jumatatu asubuhi.

Jumapili babu alifunga zana zake. Msumari alikaa kwenye kizingiti akimwangalia. Babu alipaka mafuta mkasi wa bati, akaufungua na kuufunga mara mbili, akauviringisha ndani ya kipande cha gauni kuukuu la bibi. Nyundo kubwa ikafuata, kisha nyundo ndogo, kisha patasi, kila moja na kitambaa chake. Hakuharakisha. Alizifunga kama mtu anayewavisha watoto kwa safari ambayo hana hakika nayo. Fuawe, lile pande la chuma alilofulia bati juu yake, lilikuwa zito mno kuchukuliwa, kwa hiyo alilifuta tu, akaliwekea mkono juu, akauacha hapo.

Mwisho alibaki na nyundo ya mti, ile nyepesi aliyompa Msumari kuchezea alipokuwa na miaka minne.

"Hii ni yako," alisema. "Huko ghorofani haitanifaa."

Msumari hakuweza kunyoosha mkono. Alisogea, akainama, akasema polepole, "Babu, ni mimi. Nilimpiga Karani."

Babu alimtazama midomo, akatikisa kichwa, akageuza sikio la kulia. "Sema kwa nguvu, mjukuu wangu."

Hapo ndipo Msumari alipotambua taabu ya nyumba yao. Katika nyumba nyingine mtoto aliyekosa anaweza kumnong'oneza babu yake, wakalia wawili, mambo yakaishia hapo. Yeye hakuwa na babu wa kunong'onezwa. Mama alikuwa anaanua nguo hatua tano kutoka hapo. Mjomba alikuwa mlangoni akifunga sanduku kwa kamba. Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa akiosha vyombo.

Alivuta pumzi.

"Nilimpiga mimi, Babu," alipaza sauti. "Alikuja kunigusa hodi ilipolia, nikampiga na kandambili ya Bibi. Halafu nikadanganya. Karani hana kosa. Ni mimi."

Vyombo vya jirani vilinyamaza. Mama alisimama na shuka mikononi. Mjomba aliiacha kamba. Msumari alikimbia nyuma ya banda, akafukua mabaki ya bati hadi akajikata kidole, akarudi na kandambili akamwekea babu mapajani.

Babu aliishika kwa mikono yote miwili. Alipitisha kidole kwenye matundu ya meno, taratibu, kama anavyotafuta tundu linalovuja kwenye ndoo. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Hasira naijua," alisema. "Hata mimi ningekasirika. Hilo ni la siku moja. Lakini jana ulidanganya, na leo umekaa kwenye kizingiti hicho ukanitazama nikizifunga nyundo zangu, na ulijua. Hilo ndilo lililoniuma, Msumari."

Hakumpiga. Msumari alitamani ampige.

Mwalimu wa mbwa alifika jioni ile ile. Alisikiliza kila kitu, akauliza mbwa alikuwa wapi, kigoda kilikuwa wapi, na pigo la kwanza lilimpata mbwa akifanya nini. Kisha akaieleza familia nzima.

"Wewe ulikuwa unaadhibu kosa la kandambili," alimwambia Msumari. "Lakini kandambili aliitafuna saa nyingi zilizopita. Mbwa hawezi kuunganisha mambo yaliyoachana hivyo. Yeye alichokiona ni hiki: nimesikia hodi, nimegusa goti, nimeumia. Mapigo matatu yameandika juu ya wiki saba."

"Kwa nini aliitafuna?" Msumari aliuliza. "Alikuwa na mifupa yake."

"Yaliyo moyoni mwake siyajui, na sitakudanganya. Ninachojua ni kwamba mbwa huifuata harufu anayoikumbuka. Na wewe, ulipoiona, ulilia kwa nini?"

Mama alimshika Msumari bega.

Mjomba alikohoa. Alisema amechukua likizo ya wiki mbili, na badala ya kuhamisha watu angeweza kukaa akawa mbisha hodi. Baada ya hapo angeongeza mwezi mmoja, asizidishe. Alipolieleza hilo kwenye sikio la kulia, babu alianza kuzifungua nyundo, moja baada ya nyingine.

"Sauti ya kugonga imeharibika," mwalimu alisema. "Tutafute sauti mpya ambayo haijawahi kumuumiza. Na kigoda tukihamishe."

Babu alitengeneza kengele. Alikata bati, akalipinda, akalitia lehemu, akaning'iniza nati ndani yake, akaifunga kwa kamba iliyopita hadi mlango wa nje. Ilikuwa na mlio wa ajabu, kama ng'ombe mwenye mafua, mjomba alisema. Kila mtu aliijaribu na kutabasamu kidogo. Aliyeitengeneza hakuusikia mlio wake hata mara moja.

Wakaanza upya kabisa, kutoka kiganjani. Safari hii hapakuwa na hesabu za kujivunia. Siku nyingine Karani alikubali kugusa mara mbili, kisha akarudi mvunguni. Na alipokubali, aligusa kiganja cha mama, au cha mjomba, au cha babu. Cha Msumari hakukigusa. Akimkaribia, mbwa alisogea hatua mbili, si kwa hasira, kwa tahadhari tu, na hatua hizo mbili zilimuuma Msumari kuliko kofi. Kazi yake ikawa kukata maini na kuwapa wengine.

"Atanisahau lini?" alimuuliza mwalimu. "Yaani, atasahau lini nilichofanya?"

"Alichojifunza hakifutiki, binti. Tunaweza tu kuweka kizuri juu yake, kila siku, hadi kiwe kinene. Na ukiteleza mara moja, cha chini kitatokea tena. Ndiyo maana nilikuuliza siku ile. Mbwa alikuwa ananiambia ukweli kwa mkia wake. Nilihitaji mtu mmoja tu aniambie nusu iliyobaki."

Wiki ya tano, siku moja mchana, Msumari alikuwa jikoni. Babu alikuwa uani, mahali papya karibu na ukuta, akipinda ukingo wa ndoo. Mjomba, aliyekuwa amerudi kwake likizo ilipokwisha, alikuwa njiani kuja kuona mwezi wake umefikia wapi, na hakumwambia mtu saa ya kufika. Kengele ililia kule nje, ule mlio wake wa mafua.

Karani aliinuka. Alisimama katikati ya ua, mguu mmoja juu, akageukia mlango wa chumba na mvungu wake. Msumari hakusogea. Hakumwita. Alibana kisu mkononi, akaomba kimya kimya.

Mbwa alishusha mguu. Alivuka ua, akafika kwa babu, akaligusa goti lake kwa pua.

Babu hakuinua macho.

"Nani tena?" alisema.

Maneno yalimtoka kabla hajajua, kwa sauti ile ile ya mtu aliyechoshwa na wageni. Nyundo ikasimama hewani. Alitazama chini polepole, kama anayetegemea kuona vidole viwili, akaona sikio moja limesimama na jingine limelala. Aliiweka nyundo chini, akamkumbatia Karani shingoni, akalia kwa sauti kubwa, maana kiziwi hajui kilio chake kina ukubwa gani.

Msumari alikwenda kufungua mlango. Mjomba aliingia, akamwona baba yake na mbwa, akavua kofia, na habari ya ghorofa ya tatu haikutajwa tena katika nyumba hiyo.

Jioni babu alimwita mjukuu wake, akamkalisha upande wa sikio la kulia.

"Bibi yako alinigusa goti miaka arobaini," alisema, "na hata siku moja hakunigusa bure. Akinigusa, kuna mtu kweli. Ndiyo maana niliweza kufanya kazi bila kugeuka nyuma. Mtu akikosa, tunaweza kumrudisha, kama tulivyomrudisha Karani, hatua kwa hatua. Lakini akificha, hatujui hata pa kuanzia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Babu," Msumari alisema kwa nguvu.

Kisha akaenda kizingitini na kipande cha ini. Hakukishika mkononi. Alikiweka sakafuni, hatua mbili kutoka alipokaa, akatazama pembeni, akangoja. Karani alikuja, akakichukua, akarudi mlangoni kwake. Kesho yake Msumari alikiweka pale pale.